Siau Thiam-hok, Mtunzi wa Neno Lililoanguka

Marehemu Siau Thiam-hok, ambaye nyote mlimwita Hok, alizaliwa tarehe 14 Machi 1966 katika kijiji cha Soalun, nyumba ya nne kutoka hekaluni, akiwa mtoto wa pili na wa mwisho wa Mzee Siau Kim-tsui na Bi Ong Tho. Kijiji hicho hakipo tena. Anayetaka kujua nyumba ya nne ilikuwa wapi na aangalie tangi la tatu la kiwanda, upande wa baharini.

Alitanguliwa na dada yake kwa miaka minane. Dada huyo alipewa jina la Chio-ti, yaani mwite mdogo wako wa kiume, jina ambalo wazazi wa kwetu walimpachika binti pale walipongoja mtoto wa kiume wakapata wa kike. Chio-ti aliita kwa miaka minane. Hok alipotimiza mwezi mmoja, baba alichemsha mayai, akayapaka rangi nyekundu na kuyagawa kijiji kizima, na dada mtu akapewa mawili na maneno haya: "Kazi yako umeimaliza. Sasa mbebe." Akambeba mgongoni mpaka mtoto akafika miaka minne, huku yeye akipalilia vitunguu saumu. Anayewasomea wasifu huu ndiye huyo dada. Desturi inamtaka ajitaje kama mtu mwingine, naye ataifuata.

Marehemu aliingia shule ya msingi mwaka 1972. Wazee mliopo mnakumbuka jinsi shule zilivyokuwa wakati huo: mtoto akisikika akiongea Kitaiwani chetu badala ya Kimandarini cha serikali, anavalishwa kibao shingoni, na anabaki nacho mpaka amsikie mwenzake akiongea, amripoti, amvalishe yeye. Hok alivalishwa akiwa darasa la pili na akakaa nacho siku kumi na moja, kwa sababu hakukubali kumripoti mtu yeyote. Alilala nacho. Mama alimwambia, "Si umpe mtoto wa Khoo, yule anaropoka mchana kutwa?" Akajibu, "Anaropoka kwa sababu anataka kwenda chooni na Kimandarini hakijui, mama."

Katika siku hizo kumi na moja ndipo alipovumbua jambo lililomtengenezea maisha yake yote. Wajukuu wetu wa mjini wamesahau lugha hii, kwa hiyo na wao waelezwe: kwetu neno linabebwa na sauti. Likipanda ni neno hili, likishuka ni lingine, likikaa palepale ni la tatu. Hok alifunga mdomo akavumisha puani sauti tupu za sentensi, bila maneno, na wenzake wakamwelewa. Mwalimu akamsimamisha. "Nani anaongea Kitaiwani?"

"Hakuna anayeongea, mwalimu. Pua yangu imeziba."

Kufikia mwisho wa muhula darasa zima pua zilikuwa zimeziba, na mwalimu akakosa wa kumvalisha kibao.

Alisoma ufundi wa redio na vipaza sauti kuanzia mwaka 1981 hadi 1984, akatumikia jeshi miaka miwili kama vijana wote, kisha akafanya kazi kiwandani katika jiji la Kaohsiung. Mwaka 1990 alirudi na kufungua karakana kando ya barabara ya Soalun. Alifunga vipaza sauti kwenye magari ya wachuuzi na kuwarekodia miito yao. Lile gari lililopita vijijini likisema mayai mabichi, mayai ya leo, na lile la kutengeneza vyandarua vya madirisha, na lile la tofu laini ya moto, sauti zilizokuwa humo zilirekodiwa na Hok. Hiyo ndiyo kazi iliyomlisha. Nyimbo hazikuwahi kumlisha, naye hakuzidai zimlishe.

Namna alivyotunga ni hii. Alitembea na kinasa sauti kidogo mfukoni na kunasa watu wakizungumza: muuza samaki akilalamika, binti wa jirani akisimulia mashine ya kiwandani ilivyomla vidole viwili, mzee akiangalia mto na kuuliza mbona leo una rangi ya chai. Alirudi karakanani, akasikiliza maneno yanapanda wapi na kushuka wapi, na tuni akaitoa humo humo. Alikuwa akisema, "Wimbo wameshaimba wao. Mimi nachonga kingo tu."

Kisha alikuja kwa dada yake. Chio-ti aliolewa hapo hapo kijijini, nyumba ya tatu kutoka kwao, kwa hiyo hakumkimbia mdogo wake. Hok alikaa kwenye kigoda, dada akimenya vitunguu saumu, naye akamvumishia mstari mpya kwa pua, bila neno hata moja. Dada akiutambua, mstari unabaki. Asipoutambua, Hok alipunga mkono kama anayefukuza nzi, na mstari umetupwa, hata uwe mtamu namna gani. Ulikuwa ndio utaratibu, na haukuwa na rufaa.

"Umesema, mama mkwe kaficha chumvi," dada alimwambia siku moja.

"Nimesema, mto umebadilika rangi."

"Basi mto wako umeficha chumvi. Rudi ukaanze upya."

Alianza upya mara saba. Wimbo huo ukaingia katika kaseti yake ya kwanza ya mwaka 1991, aliyoirekodi karakanani, akainakili mwenyewe na kuiuza nyuma ya gari kwenye sikukuu za mahekalu. Mwaka uliofuata alikuja bwana mmoja wa kampuni ya muziki kutoka Taipei, amevaa viatu vyeupe, akamwambia sauti anayo ila aimbe Kimandarini na aache mambo ya mito. Hok alimkaribisha chai, akamsikiliza mpaka mwisho, akamjibu, "Kibao nilikivaa siku kumi na moja bure. Wewe unataka nikivae kwa mkataba." Bwana yule aliondoka na viatu vyake vyeupe vikiwa na matope ya Soalun.

Tarehe 20 Novemba 1994 alifunga ndoa na Bi Khoo Le-hun, aliyekuwa na kibanda cha maziwa ya soya na maandazi ya kukaanga sokoni. Bi Le-hun, aliyeketi pale mbele, ameruhusu hili lisemwe. Kila alipogombana na mumewe, Hok alibofya kinasa sauti. "Nimeolewa na mtu anayeninasa nikimtukana," aliwaambia wateja wake, "halafu ananiuliza kama naweza kurudia pale nilipopandisha." Ugomvi wa siku gesi ilipoisha ukawa wimbo, na wengi wenu mmeucheza harusini bila kujua mnacheza matusi. Walijaliwa binti mmoja, Iok-ting, mwaka 1997. Bi Le-hun alihamia Taichung mwaka 2009. Hakumkimbia mume. Alikimbia kimya kilichoingia nyumbani, na sababu ya kimya hicho inakuja.

Kaseti ya pili ilitoka 1996, na ndani yake mlikuwa na wimbo wa chaza waliokufa midomo wazi kwenye fito zao. Ya tatu ilitoka 2003. Mwaka huo ndipo tuliposikia kwamba kampuni ya kiwanda cha kemikali inataka Soalun nzima, mashamba, nyumba na kilima cha makaburi, ipanue kiwanda chake. Hok aliacha kurekodi wachuuzi. Alisimama kila mahali palipokuwa na watu zaidi ya watatu, na kila alipofika alisema jambo lilelile, kwamba wasitie sahihi, kwa sababu aliyeuza ardhi anabaki na jina la kijiji tu na jina halilimiki. Alitaka kitu kimoja maishani: kijiji kile kibaki pale kilipo. Nyimbo zote kabla ya hapo zilikuwa mazoezi ya wimbo mmoja ambao ungekizuia kisiuzwe.

Mwishoni mwa Mei 2004 aliona gari la kampuni nje ya nyumba ya dada yake. Aliingia likiwa limeshaondoka.

"Yule jamaa alifuata nini hapa?"

"Chai," dada alisema.

"Kampuni nzima haina birika?"

"Hok, mume wangu anasafishwa damu mara tatu kwa wiki. Kila safari ya hospitali namsukuma mimi. Chumvi ya bahari iliyoletwa na kimbunga bado imo shambani, vitunguu vinatoka kama kucha. Wewe unaimba. Imba, lakini usinihoji nyumbani kwangu."

"Shamba la mama, dada."

"Mama aliyemwosha ni nani?"

Hilo lilikuwa kweli. Mama yao aliliandika shamba kwa jina la binti, kinyume na kawaida ya kwetu, kwa sababu binti ndiye aliyebaki kumtunza. Hok alitoka bila kuaga, na kwa wiki mbili hakukanyaga pale. Katika wiki hizo mbili alitunga wimbo wake mkubwa, na kwa mara ya kwanza tangu aanze kutunga hakuja kuuvumisha mbele ya vitunguu saumu.

Tarehe 9 Juni 2004, saa nne asubuhi, mkutano wa hadhara ulifanyika uwanjani mwa hekalu la Soalun. Maofisa wa kampuni walikaa chini ya turubai na feni yao. Wanakijiji walikaa juani. Hok alisimama na gitaa akaimba Shamba la Mama Hatuuzi. Ulikuwa mzuri. Watu walianza kunyamaza mmoja mmoja, wauza barafu wakaacha kusaga barafu. Kuuza, kwa lugha yetu, ni bē, sauti inayokaa palepale katikati bila kutikisika. Kununua ni bé, inaanzia juu na kuanguka. Tuni yake ilikuwa imepanda, imepanda, na kwenye neno la mwisho haikuwa na pa kwenda ila kuanguka. Ikaanguka. Mbele ya kijiji kizima, kwa sauti kubwa kuliko zote alizowahi kutoa, Hok aliimba: shamba la mama hatununui.

Dada yake alikuwa nyuma, karibu na chungu cha ubani. Alilisikia kosa maneno matatu kabla halijafika, kama mtu anayeona bakuli linateleza kutoka mkononi mwa mwenzake. Hakuwa na la kufanya.

Kisha bibi mmoja mstari wa mbele akasema, "Hanunui shamba la mama yake? Kwani nani alimuuzia?" Uwanja mzima ukaangua kicheko. Watu walicheka mpaka wakafuta machozi, na hawakucheka kwa ubaya, walicheka kwa sababu ilichekesha. Ofisa wa kampuni, ambaye alikuwa mtoto wa pwani kama sisi na aliielewa lugha vizuri, alivuta kipaza sauti, kipaza sauti alichokifunga Hok mwenyewe, akasema kwa upole, "Sawa kabisa, ndugu Siau. Msiponunua ninyi, tutanunua sisi."

Baada ya hapo hapakuwa na mkutano. Watu waliokuja kwa hasira walirudi nyumbani wanacheka, na mtu anayecheka ni mwepesi wa kalamu. Kufikia mwisho wa mwezi nyumba arobaini na moja kati ya hamsini na tatu zilikuwa zimetia sahihi. Kijiji kilivunjwa mwaka 2007. Mungu wa hekalu alihamishwa kwa lori hadi ghorofa ya pili ya jengo moja mjini, juu ya duka la pikipiki.

Hok aliamini kwamba neno lake ndilo lililouza Soalun. Aliamini hivyo kwa miaka kumi na mitano. Alipita nyumba kwa nyumba, kabla hazijavunjwa, akiomba radhi. Kwa dada yake alikuja wa mwisho. Alikaa kwenye kigoda kilekile.

"Dada, nisamehe. Ningekuja nikakuvumishia kwanza, ungenishika pale pale. Sasa hata wewe umetia sahihi kwa ajili ya upuuzi wangu."

Dada alimwambia, "Kunywa chai, itapoa."

Akanywa. Kuanzia hapo alijaribu kuunyoosha wimbo. Aliliweka neno lile sauti ya katikati, likawa sahihi, na wimbo ukafa, kwa kuwa tuni yote ilikuwa imejengwa kwa ajili ya kuanguka. Alijaribu upya kila mwaka. Katika kaseti yake ya nne na ya mwisho, ya 2011, aliliacha neno hilo nje kabisa. Wimbo unapanda, unapanda, halafu kimya. Wanafunzi wa vyuo huko Taipei walilia pale penye kimya, na mmoja akamwambia hajawahi kusikia ufundi wa namna ile. Hok alimjibu, "Si ufundi, mwanangu. Neno sijaliona." Baada ya kaseti hiyo hakutunga tena. Alirudia kurekodi miito ya mayai na tofu. Nyimbo zake zote, ukizikusanya, hazikuzuia hata bomba moja, na yeye mwenyewe alikuwa wa kwanza kusema hivyo.

Kikohozi kilimwanza Februari 2018. Mwezi wa Agosti aligunduliwa kuwa na saratani ya mapafu. Hakuwahi kuvuta sigara. Wakazi wengine sita wa iliyokuwa Soalun wamekwenda na ugonjwa huo, na wapo hapa wenye barua za kuwaambia kwamba hakuna uthibitisho kuwa kiwanda ndicho chanzo. Alitibiwa miezi kumi na tano. Binti yake aliacha masomo muhula mmoja kumuuguza, na Bi Le-hun alikuja kila Jumapili na chupa ya maziwa ya soya ambayo mgonjwa hakuweza kuyanywa.

Katika wiki ya mwisho alifungwa barakoa ya hewa na hakuweza tena kutamka. Tarehe 21 Novemba 2019, baada ya chakula cha mchana, dada yake alikuwa peke yake naye. Hok alifungua macho, akamtazama, akavumisha puani. Sauti nane. Dada aliwahi kukosea mistari yake mingi, lakini huu aliuelewa mara moja, hata kabla haujaisha. Alikuwa anauliza: dada, ni neno langu ndilo lililouza?

Dada alisema, "Sijakuelewa, Hok. Rudia."

Akarudia, polepole, kila sauti mahali pake.

"Bado sijaelewa."

Hok akapunga mkono, kama anayefukuza nzi. Alifariki dunia siku hiyo, saa nane na dakika ishirini mchana, akiwa na umri wa miaka hamsini na mitatu.

Wasifu hutaka tarehe kamili, basi na hizi ziingizwe. Marehemu aliimba hekaluni Jumatano, tarehe 9 Juni 2004. Dada yake alitia sahihi Jumapili, tarehe 6 Juni 2004, siku tatu kabla, juu ya meza ya kumenyea vitunguu. Sahihi yake ilikuwa ya kwanza kijijini. Shamba la mama ndilo lililokuwa mdomo wa barabara ya kuingia kijijini, na yule bwana wa kampuni aliyefuata chai alieleza waziwazi kwamba akilipata hilo, hao wengine watajikuta wako nyuma ya uzio wakitaka wasitake. Soalun ilikuwa imeshauzwa Hok alipokuwa angali anatafuta kamba ya gitaa. Angeimba neno sahihi, angeimba vizuri kuliko ndege, ingekuwa vilevile. Dada yake alikuwa na miaka kumi na mitano ya kumwambia hivyo, na kigoda, na chai. Siku ya kwanza aliona haya. Baadaye aliona kwamba mdogo wake ameshaibeba lawama na amezoea uzito wake, na yeye akajipumzisha chini ya kivuli cha mzigo wa mwenzake.

Iok-ting, aliyechapa karatasi mlizoshika, alisoma sehemu hii akasema, "Shangazi, hii watu wataisoma."

"Ndiyo maana nimekupa tarehe," alijibiwa.

Jana, kabla jeneza halijafunikwa, dada aliinama akamvumishia jibu puani. Waombolezaji walidhani analia. Aliyekuwa na sikio la kulielewa hakuwa na sikio tena.

Marehemu ameacha binti mmoja, Siau Iok-ting, mama wa binti huyo, Bi Khoo Le-hun, shemeji mmoja, mgonjwa, aliyeshindwa kufika, kaseti nne, miito ya wachuuzi ambayo bado mtaisikia barabarani kwa miaka michache, na dada mmoja, Siau Chio-ti, mwenye miaka sitini na mmoja. Majivu yake yatawekwa leo alasiri katika mnara wa manispaa, ghorofa ya tano, safu ya kumi na moja, kwa kuwa kilima cha baba na mama nacho kilikuwamo ndani ya sahihi ile.

Hapa desturi inataka marehemu aombewe pumziko la amani, na dada yake ameshindwa kuliandika kama mtu mwingine. Pumzika, Hok. Nilikuelewa mara ya kwanza. Halikuwa neno lako, nilikuwa mimi.